MSHIKA MIZANI ASIWE MNUNUZI



Msimu wa choroko umefika, alizeti inafuata, na mambo ni yaleyale. Mchana ndugu yetu anasimama kwenye mizani ya chama. Jioni ndugu huyohuyo yuko uani kwake na debe, ananunua kwa fedha taslimu. Ukimwuliza anajibu: "Saa za kazi zimekwisha, jioni ni yangu."

Hapana! Jioni ni yako kulima, kuchunga, hata kulala. Siyo kununua mazao ya watu uliowaambia asubuhi, "mizani mbovu, rudini kesho." Mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kungoja kesho. Atakwenda wapi? Uani kwako. Kumbe uzembe wa mchana ndiyo biashara ya jioni.

Na debe lenyewe linajazwa mlima. Wakulima wa vitunguu Singida hii wanaijua lumbesa: sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, mnunuzi anaongeza mpaka gunia linaota kichwa, bei ileile. Tunamlaani mlanguzi wa mjini, wa hapa kwetu tumempa na ufunguo wa ghala.

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1966 Mwalimu aliunda kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mkulima akabaki bila chombo chake mpaka sheria ya 1982. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na wengine wakadhani hata aibu imelegezwa.

Posho ya chama ni ndogo, hilo kweli. Basi liletwe mkutanoni tulijadili, tuongeze tukiweza. Lakini mtu asijilipe mwenyewe kwa debe.

Tunadai hivi kwenye mkutano mkuu. Anayeshika mizani, ghala au kitabu asinunue zao la mwanachama, yeye wala mkewe wala shemeji yake. Mizani itoke nje ya ghala, watu waone. Kilo ziandikwe mwenye mzigo akiwapo, apewe stakabadhi palepale. Anayetaka biashara, ruksa, arudishe ufunguo kwanza.

Wenye stakabadhi za msimu uliopita njooni nazo, hata zilizochanika.