Kubana Matumizi Ni Kumbana Nani?

Najua wiki hizi kila mtu ana orodha: kupunguza mwili, kusoma vitabu vingi zaidi, kuweka akiba. Mimi leo nina ugomvi na lengo moja tu, lile linaloheshimika kuliko yote na ambalo Januari ikifika hakuna anayethubutu kulipinga: kubana matumizi.

Sipingi akiba. Nani apinge akiba mwezi huu? Desemba imekula, nauli za kwenda kijijini na kurudi zimekula, na sare na madaftari ya watoto vinasubiri zamu yao. Hela hakuna, hilo halina ubishi. Ugomvi wangu ni huu: katika nyumba nyingi ninazozijua hapa Dar, yangu ikiwemo, kubana matumizi maana yake ni kuichukua bili iliyokuwa inalipwa kwa fedha na kuihamishia mgongoni kwa mtu mmoja. Tena kikao cha bajeti kikiendelea sebuleni, huyo mtu mara nyingi yuko jikoni anachemsha chai ya wajumbe.

Tuyaangalie maazimio yenyewe, moja moja.

Gesi imeisha sikukuu, tutumie mkaa kwanza. Sawa. Lakini mkaa haujiwashi. Kuna mtu atainama kupepea jiko, atameza moshi, atangoja moto ukolee, halafu atasugua masizi kwenye sufuria. Na kwa kuwa hela ya gunia haipo, mkaa utanunuliwa kwa kopo, ambapo mwisho wa siku unalipa zaidi kwa mkaa ule ule.

Mkate ni ghali, tupike maandazi. Sawa. Unga unakandwa na nani, na saa ngapi, ili mtoto anayewahi basi la shule ale kabla ya kutoka?

Hakuna kula mgahawani, kila mtu abebe hotipoti. Vizuri sana. Ila hotipoti haijajaa yenyewe hata siku moja.

Tupunguze nyama, tule dagaa na maharage. Mimi navipenda vyote viwili. Lakini dagaa huchambuliwa kichwa kimoja kimoja na kuoshwa mpaka mchanga uishe. Maharage hulowekwa tangu usiku, na makande ukiyainjika kwenye mkaa unaweza kupika saa tatu nzima ukiongeza maji kila wakati. Tui la pakiti nalo limefutwa kwenye orodha, basi mbuzi ya nazi irudi kazini, na mbuzi haikuni bila mtu kuikalia.

Nguo zisiende kwa dobi. Na mwisho kabisa, dada wa kazi aliyekwenda kwao sikukuu, asirudi mpaka Machi, tupumzike na mshahara. Tupumzike! Nani anapumzika hapo, jamani?

Mwaka jana, wiki ya pili ya Januari, nilichukua daftari nikaandika muda. Sikuandika kazi zote za nyumba, niliandika zile tu zilizoongezwa na bajeti mpya. Nusu saa ya kuhangaika na mkaa, saa moja ya maandazi, saa moja ya hotipoti na kuchambua hiki na kile, saa moja ya kufua. Saa tatu na nusu kwa siku. Kwa wiki ni saa 24 na nusu, yaani siku nzima, mchana na usiku wake, imetolewa kwenye maisha ya mtu. Na tuliokoa nini? Kama shilingi 30,000. Gawanya: ni shilingi elfu moja na mia mbili hivi kwa saa. Mwite fundi bomba umwambie utamlipa hivyo uone kama atafungua hata mfuko wa vifaa vyake.

Hiyo ndiyo siri ya kubana matumizi. Fedha inahesabika, hivyo ikipungua tunashtuka. Muda wa jikoni hauhesabiwi, hivyo ukiongezeka hatuoni kitu. Bajeti inaonekana nzuri kwenye karatasi kwa sababu gharama yake haijaandikwa.

Cha ajabu ni kwamba serikali yenyewe imeshakubali kwamba kupika kuna gharama. Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa hiyo afya ya anayepika ni suala la taifa, ni suala la dunia. Ila ndani ya nyumba, Januari ikibisha hodi, kitu cha kwanza kukatwa ni gesi, wakati king'amuzi kinaendelea kulipiwa. Sijawahi kusikia baba amesema tuzime mpira mpaka Machi.

Najua majibu yatakayokuja, nimeyasikia sana.

La kwanza: hayo ni mambo ya kizungu, kwetu mwanamume hapiki. Kweli? Nenda kwenye harusi yoyote ya pwani uangalie nani anakoroga yale masufuria makubwa ya pilau na biriani. Pita jioni mitaani uone nani yuko nyuma ya jiko la chipsi, nani anageuza mishkaki, nani anauza supu asubuhi. Wamejaa wanaume, tena mafundi kwelikweli. Kiswahili kinatumia neno moja, mwiko, kwa kifaa cha kusongea ugali na kwa jambo lililokatazwa. Ukichunguza utaona mwiko kwa mwanamume si mwiko kabisa, mradi mwisho wa kazi kuna malipo au makofi. Mwiko usio na malipo ndio unaogeuka mwiko. Basi tusiusingizie utamaduni.

La pili: mbona mimi nampikia mke wangu? Hongera, kaka. Unapika lini? Jumapili, nyama, muziki ukilia, na picha zinatumwa kwenye kundi la familia. Nakuuliza kuhusu Jumanne. Nakuuliza nani alisugua ukoko wa hiyo Jumapili.

La tatu linaniuma zaidi kwa sababu linatoka kwa wanawake wenzangu: kupika ni upendo, usihesabu. Mimi napenda kupika. Harufu ya iliki kwenye maandazi ya moto ni sababu nzuri ya kuamka. Lakini upendo wa watu wanaoishi pamoja hauwezi kuwa na mikono ya mmoja tu. Kwenye kichenpati tunampa bibi harusi masufuria, vijiko, mwiko na mawaidha ya usiku kucha. Bwana harusi hapewi hata kisu cha vitunguu. Tunagawa kazi kabla ndoa haijaanza, halafu tunaiita hiyo kazi upendo ili isidaiwe.

Na tusisahau nyumba ambazo dada wa kazi amerudi. Huko bili haimwendei mama, inashuka ngazi moja zaidi. Mkaa, maandazi, hotipoti na ndoo za nguo vinaongezeka, mshahara unabaki pale pale. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Hicho kilikuwa kima cha chini, na bado wapo wasiokifikia. Ukimwongezea binti huyo saa tatu kwa siku bila kumwongezea shilingi, usiseme umebana matumizi. Umekopa kwa mtu asiyeweza kukunyima.

Hata sifa tunazopewa ni sehemu ya tatizo. Mwanamke ni nguzo ya nyumba, tunaambiwa, na tunatabasamu. Penina Muhando aliandika tamthilia nzima, *Nguzo Mama*, kuhusu wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo ya aina hiyo, ikachapishwa 1982. Miaka inapita, bado tunasifiwa kwa kubeba badala ya kusaidiwa kubeba. Nguzo haiulizwi kama imechoka, na hiyo ndiyo raha ya kumwita mtu nguzo.

Ninachodai ni kidogo. Mnapokaa kupanga bajeti ya mwaka huu, chai iandaliwe kabla na wote wakae. Karatasi iwe na safu mbili: shilingi na saa. Kila mnapokata kitu kwenye safu ya shilingi, andikeni kwenye safu ya saa kimeongeza kiasi gani, na mbele yake jina la atakayekifanya. Mkiona jina moja limejirudia mpaka chini, bajeti hiyo irudishwe ikaandikwe upya. Anayetaka mkaa aupepee. Anayetaka maandazi aamke saa kumi na moja. Mtoto wa miaka kumi na mbili, wa kiume au wa kike, anaweza kuchagua mchele na kuchambua dagaa, na mikono haitamwoza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini mashamba hatuna, lakini majiko tunayo, na kuna watu wameishi kama wageni katika majiko yao miaka kumi, wanaingia kuuliza tu kama chakula kimeiva. Siku ya tatu ya mwaka imeshapita. Wapeni mwiko.