Anwani Zikihama, Wasomaji Waelekezwe

Wahenga walisema kwamba aulizaye njia hapotei. Lakini hayo hutimia pale tu anayeulizwa anapojua mwenye nyumba amehamia wapi. Katika intaneti, taasisi zetu aghalabu huhama bila kumwachia jirani neno.

Mwaka 2013, sheria iliigeuza Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE) kuwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD). Jina la taasisi likibadilika, anwani ya tovuti nayo hubadilika, ilhali ile ya kale imekwisha kuchapishwa katika vitabu, tasnifu na maazimio ya kazi. Mwalimu wa Kisegi, pande za Homa Bay, akiifuata anwani iliyokufa, hupoteza muda na bando alilolinunua kwa fedha zake.

Dawa ipo, nayo ni nyepesi. Seva huweza kuagizwa imwelekeze msomaji kutoka anwani ya kale hadi mpya. Nambari 301 humaanisha kuhama kwa kudumu. 302 ni kuhama kwa muda. Tofauti hii si ya mafundi pekee. Google, katika kupanga matokeo, hutazama pamoja na mengine viungo vinavyouelekea ukurasa. Nambari 301 huiarifu kwamba anwani mpya ndiyo ya kufuatwa. 302 yaweza kuifanya iendelee kuonyesha ya kale. Pasipo uelekezaji wowote, viungo huishia hewani. Wala kuzirundika kurasa zote za kale kwenye ukurasa wa mbele si suluhisho, kwani Google huweza kuzihesabu kuwa hazipatikani.

Mimi nikiwa mwanaisimu, naona hasara kubwa zaidi katika lugha ndogo. Wasuba wengi wamehamia Kijaluo, na kurasa zinazohusu Olusuba ni chache. Tovuti kubwa ikipoteza viungo mia moja haitikisiki. Ukurasa wa msamiati wa Olusuba ukipoteza vitano, huenda ndivyo vyote ulivyokuwa navyo, na mwanafunzi asiuone tena kamwe.

Kwa hivyo, taasisi zinazohama zikague kila anwani ya kale, ukurasa kwa ukurasa. Google hushauri uelekezaji udumishwe kwa muda usiopungua mwaka 1. Mimi nasema vifaa vya masomo vidumishiwe maadamu tovuti ipo. Msomaji pia asirushwe kutoka anwani hadi anwani, kwani kila mruko humchelewesha aliye na mtandao dhaifu.

Nanyi walimu na wanafunzi, kabla ya kuinukuu anwani, ifungueni. Tazameni inakoishia, hakikisheni kwamba waraka ni ule ule, kisha andikeni anwani ya mwisho pamoja na tarehe mliyoisoma. Mkikuta imekufa, mwandikieni mwenye tovuti. Asipoambiwa, hatajua kwamba mlango wake wa kale bado unabishwa.