Kabla ya Kumpokea Jenerali, Tumsikilize Mpishi

Ndugu zangu, naomba tuizungumze Sudan kama majirani.

Desemba 2018 watu wa Atbara, mji wa wafanyakazi wa reli, waliingia barabarani bei ya mkate ilipopanda mara tatu. Miezi minne haikuisha, Omar al-Bashir, aliyekalia kiti cha urais karibu miaka 30, akaondolewa tarehe 11 Aprili 2019. Siku kumi baadaye Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zikaahidi msaada wa dola bilioni 3. Nchi ilikuwa mikononi mwa nani wakati huo? Majenerali.

Tarehe 3 Juni askari waliwavamia waandamanaji waliopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, Khartoum, wakaua watu zaidi ya 100. Umoja wa Afrika, tuupe haki yake, uliisimamisha Sudan uanachama siku tatu baadaye. Lakini makubaliano ya Agosti ya kuunda serikali ya mpito ya majenerali na raia, yaliyopongezwa kila upande, yaliwaachia majenerali nafasi ya kukaa na kusubiri. Oktoba 2021 wakaipindua serikali ya mpito. Aprili 2023 wakageuziana bunduki wao kwa wao, na mamilioni wakakimbia makwao.

Na sisi? Februari 2025 kikosi cha RSF, kinachopigana na jeshi la Sudan, pamoja na washirika wake walikutana Nairobi kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Mwezi mmoja tu nyuma, Marekani ilikuwa imetamka kwamba wapiganaji wa kikosi hicho wametenda mauaji ya kimbari. Upatanishi ni kazi njema, ila kwangu hiyo haikuwa sura ya upatanishi.

Wakati huohuo vijana wa kamati za mitaa, walewale waliopanga maandamano, wamefungua vyumba vya dharura: wanapika chakula cha bure, wanatafuta dawa, wanahamisha majeruhi. Hao ndio hawapewi kiti mezani.

Basi mwandikie mbunge wako. Mwulize serikali inapowapokea wenye silaha za Sudan, imewaita raia gani wa nchi hiyo, na wamesema nini. Uliza hadharani, kanisani, msikitini, kwenye redio ya mtaani kwenu. Na kama uko karibu na Kiryandongo, Uganda, walikopokewa Wasudani wengi, au una jirani Msudani hapo Nairobi au Kampala, mbishie hodi. Mwulize jiko la mtaa wao linapungukiwa nini, na mchango upitie kwa nani. Huenda mpishi ni dada yake.