Mkono Usiohisi Huvunja Yai

Mwezi huu nataka tuongelee kitu ambacho wengi tunakiona cha kawaida sana: kushikana mikono.

Hebu chukua yai jikoni. Ukilibana mno linapasuka, ukilegeza mno linakuponyoka. Lakini wewe hata hufikirii, si ndiyo? Ngozi ya vidole inapeleka taarifa kwenye ubongo muda wote, nao unaongeza au kupunguza nguvu.

Mtu mwenye mkono bandia wa umeme hana raha hiyo. Misuli iliyobaki inauamuru ufunge na kufungua, lakini hakuna ujumbe unaorudi. Anajifunza kushika kwa macho, na kwa kusikiliza mlio wa mota. Akigeuka kidogo kukujibu, kikombe cha plastiki kimeshabonyea! Inachosha, na wapo wanaoamua kuuacha mkono kabatini.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuurudisha ule ujumbe. Mwaka 2013, jijini Rome, Dennis Aabo Sørensen wa Denmark, aliyepoteza mkono kwa ajali ya fataki, aliwekewa elektrodi ndogo sana kwenye neva za mkono. Akiwa amefungwa macho, aliweza kutofautisha kitu laini na kigumu. Raha hiyo ilikuwa ya muda tu: baada ya kama mwezi mmoja, elektrodi zilitolewa.

Kisha kuna Keven Walgamott wa Utah, Marekani. Watafiti wa chuo kikuu cha huko walitoa matokeo yake mwaka 2019. Waliiga mwili wenyewe: ujumbe unakuwa mkali kidole kinapogusa kitu, halafu unatulia. Keven akachuma zabibu bila kuzipasua, akashika yai likabaki zima. Na unajua kingine alichofanya? Alimshika mkewe mkono, akamhisi.

Hapo ndipo nilipoguswa. Baada ya miaka yote hiyo bila mkono, hakuishia kwenye zabibu na mayai.

Teknolojia hii ya kuunganisha mkono na neva bado ni ya majaribio zaidi kuliko ya dukani. Kwa hiyo kama mwenzi wako anatumia mkono bandia, msaidie kwa yaliyopo. Akibeba chai, usimwite akageuka, mwache amalize. Usimpokonye kitu kwa huruma, kwani kushika ni ufundi unaokuja kwa mazoezi. Na mkitembea, muulize anapenda ukae upande gani. Pengine ni ule ambao bado anakuhisi.

Na nyie wenye mikono yote miwili, mnaolala kila mtu na simu yake? Wala hamhitaji elektrodi. Nyoosha mkono tu, mwenzio yupo hapo hapo.

Tukutane mwezi ujao!