DIRA ISIWE NA MANAHODHA WAWILI

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya dira. Nahodha mwerevu haweki nanga wala panga karibu nayo, kwa kuwa ajua chuma huivuta ikasema uongo. Leo wengi wetu tunavuka bahari kwa ndege ndogo: mgonjwa anayekimbizwa hospitali, mwanafunzi anayerudi skuli, mtumishi wa Serikali anayekwenda kazini Pemba au Mafia. Na humo ndani ya ndege, mbele ya rubani, imo dira ile ile ya sumaku inayoelea katika kimiminika.

Yapo mawazo kwamba dira hiyo ni pambo tu, maadamu siku hizi vipo vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti. Mawazo hayo si sahihi. Vyombo hivyo vyahitaji umeme, na katika miaka ya karibuni ishara zenyewe zimekuwa zikivurugwa kwa makusudi katika sehemu zenye vita duniani. Dira ya sumaku haihitaji umeme hata kidogo. Vyote vikizimika, ndiyo inayobaki.

Lakini umeme huo huo waweza kuipotosha. Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira. Kwa hiyo kila taa, redio na hita ya ndege ambayo waya wake wapita karibu na dira huwa nahodha wa pili, na wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hasara yake si ndogo. Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi ule wa Pemba ni kiasi cha kilomita 120. Rubani akiifuata dira peke yake, usiku au katika mvua ya masika, nayo ikawa imekosea kwa digrii 10, atajikuta kiasi cha kilomita 20 kando ya njia yake. Huo unakaribia upana wa kisiwa cha Pemba chenyewe.

Dawa ipo, nayo haihitaji fedha nyingi bali utaratibu. Ndege ielekezwe upande mmoja, injini ikinguruma, kisha swichi ziwashwe moja moja huku dira ikitazamwa. Ikisogea pale taa fulani inapowashwa, mkosaji amepatikana. Mara nyingi ni ile taa ndogo inayoangaza dira yenyewe. Ikiwa imekosea hata pale swichi zote zimezimwa, basi kuna chuma kilichoshika sumaku: parafujo, bomba, au hata simu na kishikizo chake cha sumaku alichokiweka rubani kwa mkono wake mwenyewe.

Waya mkosaji usogezwe mbali, kwani umbali ukiongezeka maradufu nguvu yake hupungua kwa nusu. Tena usiachwe peke yake huku umeme ukirejea kwa kupitia bodi ya ndege. Usokotwe pamoja na waya wake wa kurudishia, ili mivuto yao miwili ifutane. Parafujo za chuma zilizo karibu na dira zibadilishwe kwa za shaba, na vyuma vilivyoshika sumaku viondolewe sumaku hiyo.

Hapo ndipo dira isahihishwe. Ndege izungushwe kila digrii 30, na makosa yaliyobaki yaandikwe katika kadi inayokaa mbele ya rubani. Tunalisisitiza hili kwa sababu upo mtindo mbaya wa kuanzia mwisho: dira inakosea, fundi anakaza parafujo za kusahihishia, anaandika kadi, kazi imekwisha. Huko ni kufunika ugonjwa. Kadi iliyoandikwa taa ikiwa inawaka huwa ya uongo taa ikizimwa.

Kwa hiyo twawaambia wenye ndege kwamba kila kinapofungwa chombo kipya cha umeme, dira ipimwe upya. Twawaomba wakuu wanaohusika wahakikishe viwanja vyetu vina mahali pa kuzungushia ndege palipo mbali na mapaa ya bati na nyaya za umeme, na wakaguzi wasiridhike kuiona kadi bali waulize iliandikwa lini, na ni vyombo gani vilivyokuwa vikiwaka. Fundi anayesema ndege isiruke mpaka kasoro ipatikane asionekane mkorofi. Huyo ndiye mlinzi wetu.

Msafiri haioni kadi hiyo wala hawezi kuisoma. Amekabidhi roho yake kwa waliosoma. Hiyo ni amana, na amana hairejeshwi nusu.