Msanifu Majengo na Lugha ya Fundi

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hupokea vijana wanaokwenda kusomea usanifu majengo, na miongoni mwao wamo watokao pwani ya kusini, katika sehemu kama Bongwe, Msambweni na Gazi. Wazazi hufurahi na walimu hujivunia, na ni haki yao. Hata hivyo, liko swali moja ambalo sisi tunaofundisha hatujaliuliza vya kutosha: kijana huyu anapojiunga na jumuiya ya wasanifu, anaingia katika jumuiya ya lugha ipi, na ni ipi anayoiacha nyuma yake?

Nalileta swali hili mbele ya wasomaji kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, na kazi ya mwanaisimu ni kutazama jinsi watu wanavyofahamiana au wanavyoshindwa kufahamiana. Kila taaluma ina msemo wake. Baharia hutambuliwa na mabaharia wenzake kwa namna anavyozitaja kamba za chombo, na mwanasheria kwa namna anavyoitaja kesi. Mwanafunzi wa usanifu naye, kabla hajachora nyumba ya kusimama, hupimwa kwa maneno anayoyatumia kuielezea.

Nchini Kenya njia ya kuingia katika jumuiya hiyo imewekwa na sheria ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1934. Kwa mujibu wa sheria hiyo ipo Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mtu ambaye hakusajiliwa haruhusiwi kujiita msanifu majengo. Mwanafunzi husoma chuoni kwa miaka kadhaa, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa msanifu aliyekwisha kusajiliwa, ndipo akaikabili mitihani ya bodi. Wasanifu wenyewe wana chama chao cha kitaifa, kilichoasisiwa mwaka 1967. Mihadhara, mitihani, michoro na mikataba, yote hayo huandikwa kwa Kiingereza.

Siyabezi masharti hayo. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, likawaua watu wapatao 50. Anayetaka kujua kwa nini ujenzi unahitaji sheria na wataalamu waliopimwa na azikumbuke roho hizo. Jengo lile halikuporomoka kwa upungufu wa msamiati, na atakayedai hivyo atakuwa anafanya mzaha na misiba ya watu. Lakini masharti ya usajili humhusu mtu mmoja tu katika safu ndefu ya watu wanaoisimamisha nyumba. Nyuma ya msanifu yupo msimamizi, nyuma ya msimamizi yupo mwashi, yupo seremala, yupo mwezekaji, na yupo kijana anayebeba karai la zege kichwani. Safu hii yote hushikamana kwa maneno.

Hebu tulitazame jambo moja dogo. Zege hukadiriwa nguvu yake baada ya siku 28. Mbao na nguzo zinazolishikilia dari la zege zikiondolewa kabla ya wakati wake, dari huweza kupasuka au kuanguka. Tahadhari ya namna hii huandikwa pembeni mwa mchoro, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Fundi anayeziondoa mbao hizo hapewi mchoro, na akipewa, aghalabu hawezi kuisoma lugha yake. Huambiwa tu kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa Kidigo, na mtu aliyeambiwa na mtu mwingine. Kwa hiyo katika kila kiwanja cha ujenzi ipo kazi ya tafsiri inayofanywa bila mfasiri, bila kamusi na bila mtu wa kuisahihisha. Wanafunzi wangu wa tafsiri wakikosea neno hupoteza alama. Huko kiwanjani kinachopotea chaweza kuwa fedha ya mwenye nyumba, au mguu wa kibarua, au zaidi ya hayo.

Ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe haikumtenga msomi na fundi. Neno fundi latokana na mzizi ule ule uliotupa kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa asili ya maneno haya, fundi ni mtu aliyefundwa akafundika, na mwanafunzi ni yule aliye njiani kufika hapo. Neno sanifu nalo, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kutunga kitu kwa ustadi na mpango. Ndilo tulilolitumia kukiita Kiswahili Sanifu, na ndilo tunalolitumia kumwita msanifu majengo. Aliyeyapanga maneno na aliyeyapanga majengo tumewapa sifa moja. Mgawanyiko wa leo, basi, haukutoka katika Kiswahili. Umetokana na historia ya shule na ya sheria, nayo historia hiyo haikuandikwa na mafundi.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa usanifu, mzaliwa wa Bongwe, aliniuliza kama Kiswahili kina neno la ule mti unaolazwa juu ya ukuta ili kuyapokea mapaa. Alilijua kwa Kiingereza, na alidhani kwamba kwetu halina jina. Ningeweza kumjibu papo hapo, lakini nilimshauri akamwulize mzee anayewaezekea watu makuti pale kijijini kwao. Alirudi na neno mtambaapanya, ambalo kamusi zetu zinalo, nalo ni neno lenye ucheshi wake, kwa kuwa kweli hapo ndipo panya wapitapo usiku. Lakini hakurudi na hilo peke yake. Alirudi na mwamba, ambao ndio mti wa juu kabisa wa paa. Na kombamoyo, miti inayoshuka kutoka mwambani. Na fito zinazofungwa juu yake ili kuyashika makuti. Zaidi ya majina, alirudi na sababu. Mzee alimweleza kwamba paa la makuti likilazwa mno, maji hukawia juu yake na makuti huoza upesi, na kwamba ndiyo maana mapaa ya makuti husimamishwa wima jinsi yalivyo. Kijana yule alikuwa amekwisha kusoma habari za mwinamo wa paa darasani. Hakuwa amejua kwamba jirani yao ni mwalimu wa somo hilo.

Maneno ya ujenzi ya pwani yamebeba elimu ya namna hii kwa wingi. Biashara ya miti ya mikoko iliipanga miti hiyo kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huo ni uainishaji kamili wa malighafi, uliofanywa na watu wasioingia maabara. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, aghalabu upana wake haufiki mita tatu. Neno sakafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Waswahili waliokuwa wakijenga nyumba za ghorofa waliona kwamba dari ya aliye chini ndiyo akanyagapo aliye juu, wakalihamisha neno. Hata ramani, ambayo leo mwenye nyumba huipeleka kwa wakuu wa kaunti ili aidhinishiwe, ni neno tulilolirithi kwa mabaharia, ambao kwao lilikuwa kitabu cha kuwaongoza baharini.

Wasanifu waliojishusha wakajifunza kwa watu wa namna hii hawakupata hasara. Usam Ghaidan, aliyefundisha usanifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha mwaka 1975 kitabu kuhusu mji wa Lamu, na mji huo ukaja kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Francis Kéré wa Burkina Faso alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kusomea useremala kabla hajasomea usanifu. Alirudi kijijini kwao Gando, akajenga pamoja na wanakijiji shule ya udongo iliyokamilika mwaka 2001, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kabisa katika fani hiyo. Hapa kwetu Kenya, kando ya Ziwa Turkana, yapo majengo yake ya mwaka 2021 yenye minara ya kupitishia hewa iliyoigwa kwa vichuguu vya mchwa. Mtu huyu hakuingia katika jumuiya ya wasanifu wa dunia kwa kuwakana mafundi wa kwao.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba Kiingereza ndicho lugha ya taaluma hii ulimwenguni, na kwamba kumfunga kijana wa Bongwe katika Kiswahili ni kumnyima ajira. Simwombei afungwe. Na akijue Kiingereza barabara, na akipata Kifaransa au Kichina ni heri zaidi. Ninalosema ni kwamba mtu anayewaamuru watu kumi kwa lugha asiyoimudu vyema ni mtaalamu nusu, hata akiwa na shahada tatu.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hii tumeisikia tangu zamani katika kila fani. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, na nyingine ya isimu. Sisi wanaisimu tunaitumia hiyo ya kwetu, na mbingu hazikutuangukia. Penye upungufu, istilahi huundwa au hukopwa, kama tulivyolikopa saruji kwa Waajemi na sementi kwa Waingereza. Lakini kabla ya kuunda tungetafuta kwanza kile kilichopo. Haifai kuikalia kamati mjini ili kulibuni neno ambalo mzee wa Bongwe analitamka kila siku akiwa juu ya ngazi.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo lastahili jibu la adabu. Huulizwa: ya nini kuyahifadhi maneno ya boriti na kombamoyo ilhali mikoko yenyewe yapaswa kulindwa? Ni kweli, na watu wa kusini wameliongoza taifa katika jambo hilo. Pale Gazi, tangu mwaka 2013, wanakijiji wanailinda mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja, na kipato cha hewa ya ukaa huwarudia katika maji na elimu. Siombi mikoko ikatwe ili kamusi inenepe. Lakini elimu iliyomo katika maneno yale haiishi pamoja na mti. Mwinamo wa paa, njia ya upepo, kivuli cha baraza, unene wa kiambaza: haya yote yanahitajika vile vile katika nyumba ya bati na mawe ya matumbawe. Anayeingia adhuhuri katika nyumba ya bati isiyo na dari, iliyojengwa karibu na nyumba ya makuti, hahitaji kuhubiriwa tofauti iliyopo.

Wahenga walisema kwamba ujuzi hauzeeki. Walisema kweli, lakini wajuzi huzeeka, nao wakifa bila kuulizwa, ujuzi huo haupatikani tena. Wengi wa wanaoijua kazi hii vyema ni wazee, na vijana wao wamekwenda kutafuta riziki katika hoteli za Diani au mijini.

Nini basi kifanywe? Kwanza, vyuo vinavyofundisha usanifu viwape wanafunzi muda wa kukaa na mafundi, na ripoti ya kazi hiyo iandikwe kwa Kiswahili na kusahihishwa. Pili, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, maelezo ya usalama yaliyomo katika michoro yaandikwe kwa lugha zote mbili. Hili halihitaji fedha nyingi. Tatu, fundi aliyeipata kazi yake kwa mikono atambuliwe. Mitihani ya ufundi ya madaraja matatu ipo tangu zamani, lakini ifanywe kwa lugha ambayo fundi anaimudu, tusije tukapima Kiingereza chake tukadhani tumepima mkono wake.

Nne, nawageukia walimu wenzangu wa shule za Kwale. Mnapofundisha msamiati wa nyumba, msiridhike na mlango na dirisha. Wapelekeni wanafunzi kwa fundi wa karibu, wayaandike majina ya kila mti na kila kifaa, kwa Kiswahili na kwa Kidigo, pamoja na sababu ya kila kimoja. Madaftari hayo yakikusanywa kwa miaka mitano, tutakuwa na kamusi ambayo hakuna profesa awezaye kuitunga peke yake.

Na kwa kijana anayefunga mizigo yake kwenda kusomea usanifu: nenda, na Mungu akujalie. Jifunze yote watakayokufundisha huko, ujiunge na jumuiya ya wasanifu kwa kichwa kilichoinuka. Lakini kabla ya kuondoka, mpitie mzee aliyeiezeka nyumba mliyokulia, umsalimu kama inavyopasa, umsikilize. Siku utakapokuwa na mhuri wako wa usajili, watu wa kwanza kuusoma mchoro wako watakuwa wenziwe.