Chama cha Ususi Kisibebwe na Wachache



Hapa Kipalapala tuna chama cha kusuka mikeka na vikapu. Hakina mtumishi wa mshahara. Tulianza wengi, lakini sasa kukata ukindu mbugani, kufagia na kutunza ufunguo ni kazi ya watu watatu. Wengine huonekana siku ya wageni tu. Bibi anayetufundisha, macho yake yamepungua nguvu. Akiacha, nani atafundisha?

Wapagazi wa Kinyamwezi walipokwenda Bagamoyo karne ya 19, kila mmoja alibeba mzigo wake. Nashauri tuwekeane zamu, na kila mwanachama amfundishe kijana mmoja. Wenzangu mnasemaje?

Mwanachama,
Kipalapala, Tabora.